Mkono wa Akiba

Kabla hajavunjika mkono, Bi Rula hakuwa na swali lolote kuhusu yeye ni nani. Alikuwa mkataji wa warsha ya ushonaji, mkuu wa meza ndefu iliyokaa chini ya dirisha. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa kuwa hakukata kitambaa bila rula, na wengine waliongeza kuwa hata maneno aliyapima kwanza. Jina la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake na kwenye karatasi za serikali. Hakulalamika. Jina la kazini, alisema, angalau mtu amelitolea jasho.

Ajali yenyewe haikuwa na heshima. Alikanyaga kibiringo cha uzi kilichodondoka sakafuni, kikazunguka, naye akaenda chini kama gunia. Mkono wa kulia ulitangulia kumkinga, ukavunjika kwenye kifundo. Hospitalini wakamfunga plasta kuanzia kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, wakamwambia arudi baada ya wiki sita.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, bi mkubwa," Chaki alimwambia siku aliyopita warshani, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Mimi si koleo. Mimi ndiye mhunzi, na aliyevunjika ni mhunzi."

Chaki alicheka. Alikuwa mkataji msaidizi, mwanamume wa miaka thelathini na ushei ambaye Bi Rula alimfundisha tangu namna ya kushika mkasi. Aliitwa hivyo kwa sababu kila jioni alitoka kazini na vumbi la chaki masikioni.

Mwenye warsha, ambaye wote walimwita Tajiri ingawa mwenyewe alikana kila mwisho wa mwezi, hakucheka. Alikuwa na kazi ya bendi ya tarumbeta: vizibao vya mahameli, rangi ya damu ya mzee. Mahameli huteleza, hayakatwi yakiwa yamekunjwa mara mbili. Kila kipande hukatwa peke yake. Bi Rula alikuwa ameshakata vipande vyote vya mbele vya upande wa kulia. Vya kushoto na vya mgongoni vilikuwa bado jorani.

"Wewe kapumzike," Tajiri alisema. "Chaki atashika meza. Ukipona, tutaona."

Neno lile Bi Rula alilijua. Yeye mwenyewe aliipata meza ile kwa neno hilohilo. Mkataji aliyemtangulia aliumwa mgongo, akaambiwa tutaona, na alipopona hakuna aliyeona kitu. Alimalizia miaka yake akitia vifungo kwenye benchi la pembeni.

"Nipe mpaka Jumatatu," alisema.

"Mpaka Jumatatu mfupa utakuwa umeunga?"

"Hautaunga. Nipe tu."

Hakuweza kueleza kwa nini ameomba. Alichokuwa nacho ni mambo madogo aliyoyaona tangu aanguke. Mkono wa kushoto ulikuwa umefunga vifungo vya blauzi bila kutafuta matundu. Ulikuwa umewasha jiko kwa njiti moja. Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa bahati. Bi Rula hakuwa na imani kubwa na bahati.

Jioni hiyo alikaa mezani na mama yake, kila mmoja na bakuli lake la uji. Mama alikuwa fundi cherehani mstaafu. Macho yalikuwa yamechoka lakini ulimi ulikuwa bado kazini. Alimtazama bintiye akila, kijiko kikiwa mkono wa kushoto, mpaka bakuli likafika katikati.

"Hujamwaga," alisema.

"Nini?"

"Uji. Mtu akivunjika mkono wa kulia humwaga uji hadi majirani wamzoee. Baba yako alipokatwa kidole alikula kama kuku anayeparura. Wewe hujamwaga hata tone."

"Najitahidi."

"Hujitahidi. Mwenye kujitahidi hutoa ulimi nje." Mama akaweka kijiko chini. "Nilijua ipo siku utarudi huko. Ulizaliwa mashoto, mwanangu."

Bi Rula alimaliza kumeza kwanza. "Mimi?"

"Kwani tuko wangapi hapa? Kila kitu kwa kushoto. Kijiko, mwiko, kutupa mawe. Nikakurekebisha."

"Ulinirekebisha vipi?"

"Kwa sindano, kwa kingine kipi? Nilizishona gauni zako. Mkono wa kushoto nikaurefusha, nikaufunga mwisho kama mfuko. Kiganja kinaingia, hakitoki. Gauni zote, mpaka ya kulalia. Ulipoanza shule hakuna aliyejua."

"Nililia?"

"Mtoto gani halii? Ulilia, kisha ukaacha. Samaki mkunje angali mbichi."

"Samaki anayekunjwa, Mama, huwa ameshakufa."

"Usinijibu kwa rula zako."

Chumba cha pili redio ilikuwa ikisoma habari bila msikilizaji. Mama alipoanza tena, sauti yake haikuwa ya kujitetea. Aliongea kama mtu anayemsomea mteja vipimo.

"Unamkumbuka mama yako mkubwa?"

"Kidogo. Alikuwa mkimya."

"Hakuzaliwa mkimya. Dada yangu alikuwa mashoto, na kwetu hakuna aliyemrekebisha. Basi akipakua chakula, watu wanashiba ghafla. Akinyoosha mkono akusalimie, unakumbuka umeacha kitu jikoni. Alipata mchumba. Siku mama wa mchumba alipomwona akikoroga sufuria kwa kushoto, ikawa mwisho wa uchumba. Baadaye akazoea kuukalia ule mkono. Mtu mzima, mbele za watu, amekalia mkono wake kama kigoda. Mpaka anakufa." Mama akachukua tena kijiko. "Sikutaka wewe ukalie mkono. Ndiyo hivyo. Kula, uji unapoa."

Hasira ilimjia Bi Rula baadaye, alipokuwa akikosha mabakuli kwa mkono mmoja, na haikujua imwendee nani. Mama alikuwa amemkinga na jambo la kweli. Waliomtesa mama mkubwa walikuwa wamekwisha kufa, na kila mmoja wao alikuwa amefundishwa na mwingine. Wa kushtakiwa hakuonekana, kwa hiyo akaiacha kesi, akashika ushahidi.

Ushahidi ulikuwa mwingi kuliko alivyodhani. Mifuniko ya chupa aliifungua kwa kushoto siku zote. Akielekezwa njia, akiambiwa kata kulia, alitazama kwanza upande wa pili. Shuleni mwandiko wake ulikuwa mzuri na wa polepole, naye mwalimu alimsifu kwa uangalifu. Kisha likaja la mwisho, na hilo lilimfanya afunge bomba la maji. Rula. Wakataji wengi hujipigia mstari mfupi kwa jicho na mkono. Yeye hakuwahi kuthubutu. Alidhani ndiyo tabia yake: mtu makini, asiyebahatisha. Hakuwahi kujiuliza kama ni mkono usioweza kuvuta mstari ulionyooka bila kuegemea kitu.

Akatandika shuka kuukuu mezani. Akashika chaki kwa kushoto, akavuta mstari kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kusita. Kisha akaweka rula juu yake, akainama. Mstari ulikuwa umenyooka.

Alikaa kitini kwa muda. Mambo aliyokuwa akiyaita yeye, utulivu wake, upole wa mwendo, kupima kabla ya kutenda, hata jina lenyewe, huenda yalikuwa gongo la kutembelea. Mtu akitembelea gongo miaka arobaini, watu humjua kwa mlio wake. Lakini hakukubali kwamba kwa hiyo si mguu wake uliotembea. Nguo alizokata zilivaliwa, watu wakaoa na kuolewa nazo. Hazikuwa nguo za uongo.

Mkasi haukukubali kama chaki. Mikasi ya ushonaji hutengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukiushika kwa kushoto, makali mawili huachana na kitambaa hutafunwa badala ya kukatwa. Alitafuna shuka nusu nzima. Aligundua kuwa dole gumba likivutwa kuelekea kiganjani, badala ya kusukumwa nje, makali hukutana. Ilikuwa kinyume cha yote aliyomfundisha Chaki. Kufikia Jumapili jioni shuka lilikuwa vipande, na vipande vya mwisho vilikuwa safi.

Jumatatu alikata kitambaa cha majaribio mbele ya warsha nzima. Mviringo wa kwapa, ambao ndio mtihani wa kila mkataji, ulitoka bila jino hata moja.

"Kumbe bi mkubwa ana mkono wa akiba," Chaki alisema, "kama tairi la gari!"

"Na ulikuwa umeufungia wapi siku zote?" aliuliza Mama Pacha, mshonaji wa cherehani ya kwanza, mama wa mapacha waliokuwa wakubwa kuliko yeye kwa kimo.

"Ulifungiwa," Bi Rula alijibu.

Tajiri alikigeuza kipande mara mbili tatu. "Kuna mteja atakuja kusema nguo yake imekatwa kwa kushoto, ina mkosi."

"Tajiri, mteja anatazama kiuno chake kwenye kioo," Mama Pacha alisema. "Hana muda na mkono wa mtu."

"Haya. Maliza vya bendi. Kisha tutaona."

Meza ile ilikuwa na sheria moja ya mahameli, iliyokuwa ya zamani kuliko wote waliokuwepo. Mahameli yana vinyoya vifupi ambavyo mafundi huviita malaika, kama yale ya mkononi mwa mtu, nayo hulala upande mmoja tu. Ukitazama kitambaa malaika yakiwa yamelala kwenda chini, rangi hung'aa kidogo; yakielekea juu, rangi huiva na kuwa nzito. Kwa hiyo vipande vyote vya nguo moja lazima vielekee upande mmoja. Sheria ilisema hivi: weka kiganja kitambaani mbele ya kifua chako, kisukume kwenda nje, pembeni mwako. Malaika yakilala, anza kazi. Yakisimama, geuza kitambaa. Kisha weka karatasi ya mkato, shingo upande wako wa kushoto, pindo upande wa kulia.

Chaki akatandika. Bi Rula akaweka kiganja mbele ya kifua, akakisukuma kwenda nje. Malaika yakasimama.

"Igeuze."

"Bi mkubwa, ndivyo tulivyotandika mara ile."

"Kiganja kinasema yamesimama. Igeuze."

Chaki akageuza. Miaka yote hakuwahi kuona kiganja cha Bi Rula kikikosea. Bi Rula akaweka karatasi, shingo kushoto, pindo kulia, akavuta chaki, akakata. Alikata vya kushoto siku nzima na asubuhi iliyofuata, haraka kuliko alivyowahi kukata. Mara moja alijikuta akiimba kwa sauti ndogo. Mama Pacha akasimamisha cherehani ili ahakikishe.

Kizibao cha kwanza, mbele tu bila mgongo, kilivishwa sanamu kesho yake. Mama Pacha alirudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa upande huu, halafu upande huu.

"Jamani," alisema. "Hii ni damu ya mzee, sawa. Lakini huyu mzee upande mmoja amekasirika."

Kweli. Nusu ya kulia iling'aa. Nusu ya kushoto ilikuwa nzito, karibu na weusi. Ungedhani vizibao viwili vimepasuliwa vikaunganishwa.

Tajiri alikuja mbio. Alipotazama, damu yake mwenyewe ilipanda. "Muuza vitambaa! Kanichanganyia majora yule! Leo atanijua!" Tayari alikuwa na simu mkononi.

Bi Rula alikisogelea kizibao. Akapitisha kiganja cha kushoto kwenye nusu ya kushoto, toka shingoni kwenda pindoni. Malaika yakasimama. Akasimama pale, kiganja juu ya kitambaa, na akaielewa yote kwa mkupuo mmoja. Mkono wa kulia ukisukumwa kutoka kifuani kwenda nje, huelekea kulia, pindoni. Wa kushoto huelekea kushoto, shingoni. Yeye alikuwa ameitii sheria herufi kwa herufi, na sheria haikuwahi kumfikiria mtu wa mkono ule.

Aliinua macho, akakutana na ya Chaki. Naye alikuwa ameelewa. Wote wawili wakinyamaza, kosa lingekuwa la muuza vitambaa, meza ingebaki ya Bi Rula, na simu ilikuwa inaita.

"Tajiri, weka simu chini. Jora ni moja. Kosa ni la hapa mezani."

Akawaeleza, akionyesha kwa kiganja. Tajiri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga mikono pamoja. "Basi! Si ndiyo yale niliyosema? Kushoto ni kushoto tu. Wala sikulaumu, wewe mgonjwa. Nenda nyumbani, pona, urudi na mkono wako."

Ilikuwa njia rahisi, tena ya heshima. Hakuna ambaye angemcheka. Mkono ungebeba lawama, nao ungerudi ulikotoka. Bi Rula alimwona mama yake mkubwa ameketi sebuleni, amenyooka, akitabasamu, mkono uko chini yake.

"Lete karatasi ya mkato," alimwambia Chaki.

Akachomoa kipande kimoja cha kushoto ambacho hakijashonwa, akakilaza chini ya karatasi mbele ya Tajiri. Kingo zililingana pote, kwenye mviringo wa kwapa na kwenye ncha ya chini.

"Nionyeshe mkono ulipokosea."

Tajiri akatafuta. Alifika mwisho wa kingo bila kuona kosa.

"Mkono umekata ulichoambiwa. Aliyeuambia vibaya ni mimi. Nilifuata sheria ya mkono mwingine bila kuuliza. Chaki aliuliza, nikamnyamazisha. Kwa hilo nilaumu mimi, ni langu. Mkono uache."

Kisha Tajiri akauliza swali la mfanyabiashara: "Na kitambaa?"

"Mgongo wa kizibao unaweza kuwa wa satini. Ndivyo vizibao vingi vinavyoshonwa. Mahameli ya mgongoni, ambayo bado hayajakatwa, yatatosha vipande vipya vya kushoto. Yatatosha bila ziada. Muulize mwenye bendi."

Kiongozi wa bendi, alipopigiwa, alisema satini ni afadhali: wapuliza tarumbeta wake hutoka jasho mgongoni kama farasi. Tajiri akarudisha simu mfukoni, akatazama mkasi, akamtazama Bi Rula, akamtazama Chaki.

"Bila ziada," alisema. "Chaki, kata wewe."

Chaki alijikuna sikio, vumbi likadondoka. "Tajiri, meza hii naitaka. Sisemi uongo. Ila nikiichukua leo, kila mtu humu atajua niliipata kwa mfupa wa mtu. Mimi nitandike, yeye akate. Siku nyingine utanipa kwa haki."

"Mtaniua kwa presha, nyie," Tajiri alisema, akaenda zake ofisini. Kwa desturi ya warsha ile, hiyo ilikuwa ruhusa.

Chaki akatandika. Kabla hajauliza chochote, Bi Rula aliweka karatasi ya mkato kwanza, na ndipo akaweka kiganja shingoni na kukishusha hadi pindoni. Malaika yakalala. "Tangu leo ndivyo tunavyopima hapa," alisema. "Kutoka shingoni kwenda pindoni. Kwa mkono wowote." Chaki alirudia kwa kiganja chake cha kulia, kisha, kwa utundu, kwa cha kushoto. Yakalala mara zote mbili.

Vizibao vilikwenda kwa bendi. Tajiri hakulisema tena lile neno lake, tutaona. Vipande vilivyokosewa vilifungwa furushi chini ya meza, maana mahameli hayatupwi, na kimoja Bi Rula alikitia mkobani.

Mama alikuwa kwenye kiti chake aliporudi. Bi Rula alimwekea kipande mapajani bila maelezo. Macho hayakuona mengi, lakini vidole vya mama vilijua pa kwenda. Vilipita begani, vikashuka, vikafika kwenye mviringo wa kwapa, vikaurudia mara ya pili polepole.

"Huu mkato mzuri," alisema. "Wa nani? Wa yule kijana wako?"

"Wangu."

"Si wako. Wako naujua, nimeupapasa miaka. Kwenye kwapa huwa unasita, kuna kakona kadogo. Hapa hakuna." Kisha vidole vikasimama. "Umekata kwa upi?"

Mama alikikunja kipande, akakikunjua, akakinyoosha juu ya goti.

"Kumbe," alisema kwa sauti ileile ya vipimo, "nilishona mfuko kwenye mkono mzuri."

"Ulikuwa umeshonwa vizuri, Mama. Haukufumuka."

"Mimi sikuwahi kushona kitu kikafumuka." Akapangusa pua kwa upindo wa kanga yake, akakohoa ili ionekane ni kikohozi. "Na hilo jiwe la plasta wakikufungua, utatumia upi?"

Bi Rula alifikiri. Lilikuwa swali la haki, nalo lilistahili jibu lililopimwa.

"Utakaokuwa karibu."

"Majibu gani hayo," mama alinung'unika. Aliinuka, akamimina chai vikombe viwili. Cha bintiye alikisogeza kulia, kama alivyozoea, akakirudisha, mwishowe akakiacha katikati ya meza, akaketi.